Kitanda cha Mjomba Nzai

Swabir alianza kumwonea gere Kalondu hata kabla Kalondu hajagusa waya mmoja wa duka lile. Ilikuwa asubuhi ya jua kali pale Ukunda, hatua chache kutoka Kona ya Musa. Mwanamke huyo aliingia dukani akiwa na bodi ya redio iliyoungua, ameifunga kwenye leso. Akasema redio ni ya babake aliyeko Kikoneni, na mzee huyo halali mpaka asikie taarifa ya habari. Mzee Nzai, mwenye duka, akaipokea bodi, akang'oa kidude kimoja cheusi chenye miguu pande mbili, akakilaza kwenye kisanduku kilichoitwa kitanda na kubana kifuniko. Taa nyekundu ikawaka.

"Amekufa huyu," akasema Mzee Nzai.

"Umejuaje?" akauliza Kalondu.

Watu wengi walikuwa wameiona taa ile ikiwaka, na wote waliuliza bei. Huyu aliuliza umejuaje. Mzee Nzai akainua uso, akamtazama vizuri, kisha akavuta kiti kilichokuwa upande wake na kukipangusa vumbi kwa kiganja. "Kaa hapa uone," akamwambia.

Swabir alikuwa pembeni akifungua televisheni. Mkono ukamsimama. Alikuwa amefanya kazi katika duka lile tangu ujana wake, na hakukumbuka hata siku moja ambapo mjomba wake alimpangusia kiti.

Kitanda chenyewe, anayekiona mara ya kwanza asingekidhania kitu. Kilikuwa kisanduku cha mbao ya mvule, upana wake kama sinia ndogo. Juu yake palikuwa na safu mbili za pini za shaba, nyembamba kama sindano, kila moja imekaa juu ya springi yake. Kazi yake ilikuwa kupima aisii. Aisii ndicho hicho kidude cheusi ambacho ni akili ya kila mashine, iwe redio, friza au kiyoyozi. Ukiilaza juu ya pini na kubana kifuniko, kila mguu hugusa pini yake, umeme mdogo hupita, na taa husema: ya kijani, mzima; nyekundu, maiti. Ubavuni mlikuwa na swichi ndogo ndogo zisizoandikwa chochote, maana kila aina ya aisii huulizwa maswali yake. Mzee Nzai alikiunda mwenyewe kwa miaka, pini moja moja, akizitoa kwenye mashine zilizotupwa. Mafundi walitoka Diani na Msambweni kuja kupimisha, kwa sababu aisii za siku hizi nyingi ni bandia, zimefutwa jina la zamani zikaandikwa jipya. Fundi akilehemu ya bandia kwenye bodi ya kiyoyozi cha hoteli, ameunguza bodi na jina lake pia. Hao mafundi ndio waliokiita kitanda, na jina likaganda.

Swabir alijua kwamba kitanda kile kitakuwa chake. Hakuna aliyemwandikia, lakini alijua. Mamake, Mwanaima, alikuwa dada wa tumbo moja na Mzee Nzai, na Nzai na mkewe Esha hawakujaaliwa mtoto. Kwa desturi ya Wadigo wa zamani mali ya mjomba humwendea mpwa. Dini ina mgao wake, na watu wengi sasa hufuata huo, ila Mwanaima alimlea mwanawe kwa maneno ya kale. Alipokuwa akimfungia nguo zake siku ya kuondoka Msambweni kwenda kujifunza kazi Ukunda, alimwambia: "Alicho nacho mjombako ni chako. Kaa naye kwa adabu tu." Naye alikaa kwa adabu. Alifagia, alibeba, alijifunza kulehemu mpaka mkono ukazoea. Alioa, akapata watoto, na bado alikuwa akikaa kwa adabu.

Kalondu hakurudi Kikoneni na redio ile akaishia hapo. Alikuwa msafishaji wa vyumba katika hoteli moja ya Diani, na kila siku yake ya mapumziko alikuja dukani. Hoteli ilipopunguza watu msimu ulipokuwa mbaya, akawa anakuja kila siku. Kwanza alishika taa Mzee Nzai akilehemu. Kisha akashika kioo cha kukuzia. Kisha Swabir akarudi siku moja akamkuta ameshika chuma cha kulehemu chenyewe, na mjomba ameegemea nyuma kama mtu aliyeshiba.

Katika siku hizo Swabir mwenyewe ndiye aliyependa kazi za nje. Hoteli zikipiga simu, ni yeye aliyepanda tuktuk na begi lake kwenda Diani. Dukani alikuwa fundi. Kule walimwita injinia. Walinzi walimfungulia lango, mameneja walimletea soda baridi. Lakini kila aliporudi alivikuta vichwa viwili vimeinamiana juu ya kitanda, na vikombe viwili vya chai vimekauka pembeni. Kama walikuwa wakicheka, alihisi kicheko kimekatika kwa sababu yake. Kama walikuwa kimya, alihisi kimya hicho kina mambo. Mjomba alimwita Kalondu "mwanangu". Mpwa wake alimwita "Swabir" tu.

Alasiri moja alifika mlangoni pasipo wao kumsikia, akamkuta mjomba akisema kwa sauti ya chini, "Bila macho yako, mwanangu, mimi ningekuwa sina langu." Kalondu akajibu, "Nyamaza, Mzee, tumalize kazi." Swabir alirudi nyuma hatua mbili, akakohoa, ndipo akaingia. Maneno hayo aliondoka nayo kwenda nyumbani, akala nayo, akalala nayo.

"Macho yake yana nini?" akamuuliza mkewe, Twaiba.

"Macho ya nani?"

"Ya yule Mkamba. Mjomba anayasifu."

Twaiba alikuwa akikuna nazi. Hakuinua kichwa. "Mume wangu, wewe ukimsikia mjombako akimsifu mbuzi, utamwonea mbuzi kijicho. Muulize mwenyewe alimaanisha nini."

Hakuuliza. Mtu mwenye gere haulizi, kwa sababu anaogopa kupewa jibu litakalomwondolea gere yake.

Ikafika siku ambayo Mzee Nzai alisema imetosha. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na alitaka kurudi Msambweni kwa mkewe na minazi yake. Baada ya sala ya alasiri aliwaita wote wawili dukani.

"Swabir," alisema, "duka hili ni lako. Chumba, kibao cha nje, zana zote za ukutani, na wateja wa hoteli wote. Mungu akubarikie." Akageuka. "Kalondu, wewe chukua kitanda."

Swabir alisikia la pili tu. Duka zima lilipita sikioni mwake kama upepo.

"Mjomba," akasema, "mimi ni mwana wa dadako."

"Najua wewe ni nani. Ndiyo maana nimekupa duka."

"Na kitanda?"

"Kitanda ni chake." Mzee Nzai alisema hivyo tu. Kalondu alikuwa ameinamisha kichwa. Alikifunga kitanda kwa leso mbili, akakipakata kama mtoto mchanga, akapanda tuktuk. Swabir alisimama mlangoni mwa duka lake mwenyewe akiitazama tuktuk ile mpaka ikapinda. Mafundi wa jirani walikuja kumpa mkono wa pongezi. Aliupokea kama anayepewa mkono wa pole.

Kalondu alikodi kibanda kwenye barabara ya Diani, na mafundi wakamfuata huko. Kwa Swabir kazi haikupungua. Simu za hoteli ziliendelea kuja, na watoto wake walikula na kusoma. Lakini mwenye maradhi yale hahesabu alicho nacho. Akipita na tuktuk kwenda Diani alimwambia dereva apunguze mwendo pale kibandani, ahesabu viatu vilivyovuliwa mlangoni. Vikiwa vingi aliumia. Vikiwa vichache aliumia pia, akidhani wenyewe wako njiani. Alijaribu kuunda kitanda chake kwa kukumbuka. Pini zikakaa upande, zikachubua miguu ya aisii, akakivunja kwa nyundo.

Mahali palipomharibu ni barazani, kwa muuza kahawa, ambako wanaume hukaa baada ya magharibi. Mtu mmoja alimtania: "Swabir, imekuwaje mjombako akamwacha damu yake akampa mtu wa bara?" Swabir angeweza kusema sijui. Badala yake alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mtu mzima akianza kusifu macho ya mwanamke," akasema, "usimuulize amempa nini."

Watu wakaguna. Mmoja akasema astaghafirullahi. Mwengine akataka asimuliwe zaidi, na Swabir akamsimulia yale maneno aliyoyasikia mlangoni, kama yalivyo, bila kuongeza hata moja. Hapo ndipo uongo wake ulipopata nguvu, maana kila neno lilikuwa la kweli.

Maneno kama hayo hayahitaji nauli. Siku chache tu yalikuwa yameshafika Msambweni, yakamkuta Bi Esha akianua nguo, pamoja na jina la Swabir aliyeyasikia mlangoni. Bi Esha alikuwa mwanamke mtulivu, asiyepandisha sauti hata kwa kuku. Hakumwambia mumewe kitu. Alivaa buibui lake, akaenda moja kwa moja hadi kibandani kwa Kalondu, akawakuta mafundi wamejaa.

"Shikamoo, Mama," akasema Kalondu, akiinuka.

Bi Esha hakuitikia. "Nimefuata mali ya mume wangu," alisema. "Sababu unaijua."

"Siijui, Mama."

"Basi kaulize barazani. Huko wanaijua wote."

Kalondu akawatazama mafundi waliokuwa pale. Mmoja baada ya mwengine wakatazama chini, naye akaelewa kwamba wao walishasikia, na ni yeye tu aliyekuwa hajui. Hakulia, hakubisha. Aliitoa aisii iliyokuwa juu ya kitanda, akamrudishia mwenyewe, akachomoa waya, akazileta zile leso mbili. "Chukua, Mama," akasema. "Pini za mwisho huku zina uchovu. Zisibanwe kwa nguvu."

Hivyo ndivyo Swabir alivyopata kitanda. Bi Esha alikiweka juu ya meza ya duka, akasema, "Haya, haki yako hii," akaondoka bila kukubali hata maji. Swabir alifunga mlango, akakaa mbele ya kitanda, akazipitishia pini kidole. Mtu angedhani atafurahi. Alifurahi kweli, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akaanza kujiuliza ni aisii ngapi Kalondu amezilaza pale, na kwa nini mbao upande wa kulia imeng'arishwa na kiganja kidogo kuliko cha mjomba.

Mteja wa kwanza alikuwa Muange, fundi wa friza, aliyeleta aisii tatu za aina isiyo ya kawaida. Swabir alizijua swichi za redio na za televisheni. Za hizi hakuzijua, lakini hakuweza kulisema hilo. Akaweka swichi kama alivyobahatisha, akabana. Haikuwaka taa ya kijani wala nyekundu. Akabana zaidi. Harufu ya kuungua ikapanda. Akajaribu ya pili kwa swichi nyingine, nayo ikaungua.

Muange akaikwapua ya tatu. "Lete hiyo, bwana. Kalondu hakuwahi kuniunguzia hata moja."

Lile jina, kwa mdomo wa mteja, ndani ya duka lake, mbele ya kitanda chake! Swabir alitamani kukitupa barabarani.

Huko Msambweni, Bi Esha alikaa na siri yake mpaka akashindwa. Alipomweleza mumewe alichokifanya na kwa nini, Mzee Nzai alisema, "Nivalishe. Twende Ukunda." Walifika asubuhi, duka likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Swabir alimwona mjomba wake akivuka kizingiti kwa kupapasa kwa mguu, mkono mmoja umeshika bega la mkewe, na macho yanatazama mahali ambapo yeye Swabir hakuwapo.

"Shikamoo, Mjomba. Niko huku."

"Marahaba." Uso wa mzee ukageuka kuifuata sauti. "Unaona sasa?"

Swabir aliona.

"Yalianza zamani," akasema Mzee Nzai, akikalishwa. "Ukungu kwanza, kisha kiza pembeni. Hospitali wakaniambia hakuna la kufanya. Wewe ulikuwa Diani, injinia. Yule mtoto wa watu aligundua siku ya tatu tu, nilipolehemu hewa badala ya mguu wa aisii. Nikamwambia asikwambie wewe, asimwambie Esha, ambaye amejua nilipomrudia Msambweni, asimwambie yeyote. Fundi kipofu nani atampa bodi yake? Akawa macho yangu. Anaona yeye, nasema mimi. Pini hizi zilipochakaa, nusu yake amezitia yeye. Swichi amezipanga upya mwenyewe. Kitanda nilikianza mimi, lakini aliyekimaliza ni Kalondu. Ningekupaje wewe kazi ya mikono ya mtu mwengine?"

Bi Esha alikuwa bado amesimama. "Macho," alisema taratibu, kama anayelionja neno. Kisha akamgeukia Swabir. "Kwa hivyo nilikwenda kumvunjia heshima mwana wa watu mbele ya wanaume, kwa uongo wako?"

"Sikusema uongo, Bi Esha. Nilisema nilichosikia."

"Swabir!" Sauti ya mjomba ilikatika. "Ulikuwa mlangoni. Hatua tatu tu ungeingia ukaniuliza."

Nje muuza mihogo alikuwa akigombana na mteja. Na Swabir, aibu ikimchoma masikio, aligundua jambo lililomtisha: alikuwa bado anaona gere, tena zaidi ya mwanzo. Kumbe walikuwa na siri kweli. Siri yenyewe ilikuwa safi, na mjomba hakumpa yeye aibebe. Kalondu angekuwa ameiba mume wa mtu ingekuwa nafuu, kwani hapo Swabir angepata pa kumchukia.

Siku hiyohiyo alikipeleka kitanda kibandani kwa Kalondu. Alimkuta peke yake, mezani hakuna kitu ila mita na chuma cha kulehemu.

"Nimekirudisha," akasema. "Nilikosa. Nisamehe, dada yangu."

Kalondu alikitazama kitanda, lakini hakunyoosha mkono. "Wewe ulisema mimi ni mwanamke wa aina gani?"

Swabir akakiweka kitanda mezani.

"Ulisema barazani, kaka. Mimi huwa sipiti kule. Siwezi kwenda kujitetea kwa wanaume wanaokunywa kahawa. Kama unataka kuomba msamaha, uombe palepale uliponichafulia. Na hicho kitanda rudi nacho."

"Ni chako. Mjomba amesema."

"Kilikuwa changu. Nilikipenda sana. Lakini nilipokitoa mbele ya wale mafundi kitu kilinitoka. Nitaunda kingine."

Jioni ile Swabir alikwenda barazani. Alikaa, akapewa kahawa, akaishika bila kuinywa. Watu walizungumza habari za mpira na bei ya samaki, naye akawa anasubiri wanyamaze, lakini wanaume wale hawanyamazi. Mwishowe akasimama.

"Jamaa zangu," alisema, "yale niliyosema hapa juu ya Kalondu na mjomba wangu, niliyasema kwa kijicho. Mjomba ni kipofu. Yule dada alikuwa macho yake kazini. Hakuna jengine, wallahi."

Mmoja akacheka, akadhani ni mzaha. Mzee wa msikiti aliyekuwa pembeni akamwambia aliyecheka anyamaze. "Rudia," akamwambia Swabir. "Wengine hawakusikia." Swabir akarudia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa kinyozi. Kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema.

Bi Esha naye alikwenda kwa Kalondu kivyake. Walizungumza nini, wanajua wao. Alipotoka alikuwa amejifunga kiunoni leso moja ya Kalondu, na Kalondu amevaa mtandio wa Bi Esha.

Kitanda kipya kilichukua miezi. Kalondu alikiunda juu ya ubao mweupe wa plastiki, ule wa kukatia mboga, akatia komeo la skrubu badala ya kibano, na kioo kidogo kinachoandika jina la aisii na ugonjwa wake. Habari zikaenea mpaka Lunga Lunga. Kitanda cha zamani kilibaki kwa Swabir juu ya rafu. Alikitumia kwa zile aina chache alizozijua, na zile asizozijua alikataa kuzipima. Huo nao ulikuwa ujuzi mpya kwake.

Siku moja hoteli ikampa bodi ya mashine ya kufulia yenye aisii asiyopata kuiona. Aliizungusha mkononi asubuhi nzima. Adhuhuri akaswali, akapanda tuktuk, akashuka kwenye barabara ya Diani na kuvua viatu mlangoni, vikaungana na vya wenzake.

Ndani, Mzee Nzai alikuwa amekaa kando ya meza. Kumbe huletwa huko mara kwa mara, akipitisha vidole juu ya pini mpya na kumweleza Kalondu ipi imelegea. Walikuwa wakibishana kuhusu springi, na kubishana kwenyewe kulikuwa kutamu. Swabir alihisi moyo ukimbana palepale, maradhi yaleyale. Akakaa nayo kwenye foleni, nyuma ya Muange, kimya, mpaka zamu yake ikafika.

"Karibu, kaka," alisema Kalondu, kwa sauti anayowapa wateja wote. Akaipokea aisii, akaitazama kwa kioo, akailaza, akakaza skrubu. Kioo kikaandika. "Huyu ni mzima. Tafuta tatizo kwingine kwenye bodi."

"Ahsante."

"Haya. Anayefuata?"

Usiku ulikuwa haujaingia alipofika nyumbani. Twaiba alimwandalia chakula, akakaa karibu naye, akamtazama akila.

"Nimesikia umekwenda kwa Kalondu," alisema. "Hicho kitanda chake kikoje?"

Swabir alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Kizuri," alisema. Kisha, kama mtu anayejitoa mwiba mwenyewe: "Kizuri kuliko kile."